Aliyeanika Sola

Mimi na redio za mume wangu hatukuwahi kupatana. Nilimwambia Onesmo zamani kwamba mwanamume akistaafu hulima au hufuga, hasimami uani mchana kweupe na antena mkononi akiilenga mawinguni, huku mtaa wetu mzima wa Buzebazeba ukimchungulia juu ya ua. Miaka yote alikuwa mtu wa redio kwenye meli ya mizigo, nikadhani akishuka melini na redio atazishusha. Wapi! Alirudi nyumbani na redio mbili na ugonjwa wa kutafuta setilaiti za zamani.

Aliyoipenda kupita zote aliiita Kikongwe. Ilirushwa sisi tukiwa watoto, betri zake zikafa, walioirusha wakaisahau. Lakini ikipigwa na jua inaamka, ikiingia kivulini inazimika. Ukiirushia ujumbe ikiwa macho, inautupa chini mahali pengine na mwenzako anausikia. Mwenzake Onesmo alikuwa Selestini, fundi redio wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Wangeweza kupigiana simu kama watu wenye akili zao. Hapana, wao mpaka wapitie kwa Kikongwe, tena si kwa kuongea, bali kwa ile milio yao ya ti-ti-taa inayosimama badala ya herufi, kila mmoja na herufi zake zinazomtambulisha. Nilikuwa nawacheka sana. Sasa sicheki.

Elida, mke wa Selestini, ni binti wa Mzee Yona wa Katubuka, mtaa wa huku kwetu. Vita vilipokaribia mji wao, Selestini alimpakia yeye na watoto wao wawili kwenye boti ya Samson, mvusha abiria wa ziwani, wakaja kwa babu yao. Akampa na betri ya sola, watoto wasikose taa. Yeye alibaki, kwa sababu mama yake, Bibi Eufrasia, alikataa katakata kuiacha nyumba na kaburi la mumewe. Na Selestini ndiye mtoto wake pekee. Angemwachia nani?

Baadaye simu za ng'ambo zikakatika, hata kwa Kikongwe Selestini hakusikika, tukakaa gizani wiki baada ya wiki. Ndipo Samson akashuka bandarini Kibirizi siku moja, akaenda moja kwa moja Katubuka, akasema Selestini amepigwa risasi karibu na soko na ameshazikwa. Alisema pia kwamba kaburi hakuliona, ameambiwa na majirani waliozika. Alisema kwa uaminifu wake, na uaminifu huo ndio uliomponza.

Matanga yakawekwa. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, sisi wanawake tukakaa kuchambua mchele. Asubuhi nilikuwa nimemkanya Onesmo kwamba kwenye msiba hata redio ya habari haiwashwi, naye akaitikia kama mtoto. Kumbe saa za Kikongwe kupita alichoropoka akarudi nyumbani. Tukamwona anakuja mbio, mzee wa mvi, hedifoni shingoni, waya unaburuzika vumbini.

"Yuko hai," akasema. "Selestini yuko hai. Nimemsikia sasa hivi, herufi zake mwenyewe."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia hata harusini. Elida alisimama mchele ukamwagika wote, akamkumbatia Onesmo huku analia. Turubai lilishuka jioni ile ile. Samson akaitwa mwongo, akaitwa mkosi, vijana wawili wakamsukuma mpaka barabarani. Hakuna aliyemtetea, na mimi nilikuwepo nikimtazama.

Tangu hapo Elida akawa mgeni wetu wa kila siku. Kikongwe ikikaribia, Onesmo anamvika hedifoni, anazungusha antena polepole, na zile herufi zinashuka. Elida hakujua kuzisoma, ila mdundo wake aliushika, na watoto nao wakaushika wakawa wanauimba wakicheza. Nyumba yangu ilichangamka. Asiyechangamka alikuwa Onesmo. Chakula alikigusa tu, usiku anageuka geuka, nikadhani malaria. Nilimuuliza akanifokea. Nilimuuliza tena akaanza kulia.

Ndipo akanieleza. Zile herufi hazikupigwa na mkono wa mtu. Selestini alitengeneza kiboksi kinachotuma herufi zake chenyewe, kinazirudia na kuzirudia, ili Onesmo apate kitu cha kulengea antena. Kwa furaha ya siku ile alikisahau. Baadaye alimwita Selestini, akamwita tena, na zile herufi zikazidi kuja juu ya maneno yake bila kusita. Mtu akiitwa hunyamaza asikilize, akasema. Kile hakikunyamaza hata mara moja.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya pili.

Nilimtukana mume wangu siku ile, Mungu anisamehe, maneno ambayo sikuwahi kumwambia tangu anioe. Asubuhi hiyo hiyo Elida alikuwa ameniambia kwamba anafunga mizigo, anavuka na watoto wake, kwani mumewe anamwita kila siku na yeye amekaa tu anakula ugali wa baba yake. Nikamuuliza Onesmo kama yuko tayari kuwapeleka watoto wa watu kwenye risasi kwa sababu ya aibu yake. Nikamshika mkono tukaenda Katubuka.

Tulimkuta Elida chumbani anakunja nguo za watoto. Onesmo alimweleza yote amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliendelea kukunja gauni moja mpaka likawa dogo kabisa, kisha akauliza hicho kiboksi kinapata umeme wapi. Onesmo akamjibu kwamba ni kwenye sola, moja kwa moja, maana betri anayo yeye Elida.

"Shemeji," Elida akasema, "Selestini hakuwahi kuilaza sola nje hata siku moja, kwa ajili ya wezi. Jioni inaingizwa ndani, asubuhi inatolewa. Sasa ni nani anayeianika?"

Mume wangu na mitambo yake yote hakuwa amelifikiria hilo. Hata mimi ninayeanika dagaa kila siku ya Mungu sikulifikiria, na dagaa hawajianiki wenyewe.

"Ni mama yake," akasema tena. "Redio haijui. Selestini alimfundisha kitu kimoja tu, kuiweka juani na kuchomeka waya. Alimwambia ikiwa juani, sisi huku tutajua wako salama." Akaliweka lile gauni chini. "Mume wangu angekuwepo, angeongea mwenyewe."

Hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hakukilia mara ya kwanza. Nilikaa naye sakafuni tukalia wote, na Onesmo akaenda kulia nyuma ya nyumba peke yake.

Matanga tuliyaweka upya. Watu walikuja nusu. Wengine waliuliza, tena kwa sauti ya kusikika, kama safari hii tuna hakika au wangoje habari nyingine idondoke kutoka juu. Samson alikuja. Onesmo alimwendea mbele ya watu wote akamwomba radhi, na Samson akasema yamekwisha, ingawa hakumtazama usoni. Aliahidi kwamba akipata upenyo atamfuata yule bibi. Upenyo haukupatikana, na hakuna wa kumlaumu.

Matanga yalipoanuliwa, Elida akaanza tena kuja kwetu. Nilidhani huzuni imemchanganya, kumbe yuko timamu kuliko sisi. Alichokuja kusikiliza ni mama mkwe wake. Alikuwa akivaa hedifoni, anasikiliza mpaka mdundo umalizike, halafu anasema, "Mama ameanika," anavua, anakwenda kupika. Zilikuwepo siku za kimya, za mvua, na siku hizo hatukuhangaika. Nilianza hata mimi kumuuliza Onesmo mchana kama bibi wa watu ameamka salama.

Kiangazi kikaingia. Siku moja, jua la kuchoma, Kikongwe ikapita na hapakuwa na kitu. Onesmo alikagua nyaya zote, akazungusha redio taratibu, akawapata watu wa nchi za mbali wakisalimiana kwa kupitia Kikongwe hiyo hiyo. Kwa hiyo Kikongwe ilikuwa macho. Nikasema labda bibi anaumwa, ataanika kesho. Elida akasema labda. Kesho hapakuwa na kitu, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Jioni moja akaingia kwetu na watoto wake wawili na begi la nguo zao. Mzee Yona alikuwa amemkataza, wazee wa kanisa wamemkataza, na mimi nikaanza kumkataza kabla hata hajakaa. Nilimkumbusha kwamba tulimwambia ukweli ili asivuke. Nilimwambia yule ni mzee, ameishi vya kutosha, yeye ana watoto. Nilisema maneno mabaya ili tu abaki.

Akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Dada, yule mama alikuwa peke yake kwenye mji ule, na kila asubuhi alitoka nje kutuambia yuko salama," akasema. "Kama amelala ndani hajazikwa, nani amzike? Siwezi." Kisha akamgeukia Onesmo. "Nikifika nitaanika sola. Ukisikia, ujue ni mimi."

Alituachia watoto, akavuka na boti ya Samson siku upenyo ulipopatikana. Mimi sikwenda Kibirizi kumsindikiza, moyo wangu haukuweza. Onesmo alikwenda, akarudi akachukua antena.

Siku hizi redio naiwasha mimi, Onesmo anashika antena. Watoto wanakaa chini ukutani na hakuna haja ya kuwanyamazisha. Jua ni kali, dagaa wangu wanakauka kabla ya saa sita. Kikongwe inapita na watu wake wa nchi zote, zile herufi hazimo, inazama, na Onesmo anaweka antena chini. Mtoto mdogo huniuliza kama kwa mama yake leo kuna mawingu. Namwambia ndiyo, yapo mengi sana.