Goti la Don Hermilo

Don Hermilo alihamia Yakima, Marekani, kwa binti yake Nereida baada ya kufiwa na mkewe kule kwetu Michoacán, Mexico. Alikuwa na miaka sabini na minne, goti la kulia limekwisha, na kutwa alishinda kibarazani akitazama malori ya matufaha yakipita. Mimi na Nereida tulipakia matufaha kwenye maboksi pamoja kiwandani, na kila Jumamosi nilifundisha vijana ngoma za kwetu katika ukumbi wa kanisa. Nikambembeleza mzee aje.

"Nije kufanya nini, mwanangu? Mimi nimeshazeeka."

"Ndiyo maana nakuita. Tunacheza Ngoma ya Wazee."

Akaja. Vijana wangu wakavaa vinyago vya wazee, wakashika fimbo, wakainama na kuanza kugonga sakafu kwa viatu vya mbao. Alivumilia nusu wimbo tu.

"Hawa si wazee," akasema kwa sauti. "Hawa ni walevi wanatafuta funguo."

Tukacheka wote, isipokuwa Yaretzi, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akiongoza mstari.

Siku chache baadaye Don Hermilo aligeuka dukani akamkuta Yaretzi nyuma yake, mkono kiunoni, mguu anauburuta vilevile kama yeye.

"We mtoto, unanicheka mimi?"

"Hapana, babu! Najifunza. Si ulisema hatujui uzee?"

Akamwacha palepale, akaondoka. Jioni ile alikataa chakula, akamwambia Nereida kwamba sasa hata watoto wanamdhihaki. Nereida akanipigia simu, nami nikampeleka Yaretzi akaombe radhi. Alikwenda na kinyago chake mkononi, machozi yanamlengalenga. Mzee akakichukua, akakigeuzageuza.

"Kosa lako unaanzia mgongoni," akasema hatimaye. "Uzee hauanzii mgongoni. Unataka kusimama, halafu kabla hujasimama, unafikiria kwanza. Nitazame."

Akasimama. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja.

Tamasha letu lilikuwa Septemba, kwenye bustani ya mji. Asubuhi yake mchezaji mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Kabla sijajua la kufanya, Don Hermilo alikuwa ameshavaa kinyago na kofia ya riboni. Nikafungua mdomo, Nereida akanifinya.

"Mwache."

Fidla ikaanza. Miguu yake ilipiga mbao za jukwaa kama mvua kwenye bati. Mama mmoja nyuma yangu, tamale ya mahindi mkononi, akamwambia mwenzake, "Wote wazuri, ila yule wa mwisho hajui kuigiza. Mzee gani anaruka vile?"

Nereida alicheka mpaka akatoa machozi.

Ngoma ilipokwisha mzee alivua kinyago, rangi imemtoka, amemshikilia Yaretzi begani. Siku tatu hakuweza kushuka kitandani. Nikampelekea mchuzi wa kuku.

"Mzee, kweli ilifaa ujiumize hivi?"

Akaweka bakuli kando.

"Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinishonea riboni za kofia, enzi nikiicheza ngoma hii kwetu. Basi siku ile, nacheza, sikumkumbuka hata kidogo. Mara ya kwanza tangu anitoke." Akanitazama. "Hilo ni jema au baya, mwanangu?"

Nikambadilishia barafu gotini, nikavuta kiti, nikakaa naye.