Mita Iliyorudi Nyuma

Saa moja asubuhi, kabla ya kwenda kusoma mita za watu, msoma mita alipiga magoti kando ya ukuta wake mwenyewe, akafuta kioo cha mita kwa kidole, akasoma. Jana maji yalikuwa uniti mia nne kumi na mbili. Leo yalikuwa mia nne kumi na moja. Aliandika daftarini, akaongeza neno "safi", akaenda kunywa chai.

Nyumba yake ilikuwa ya mfano. Maji ya kuoshea mboga yalitumika kudeki sakafu, kisha yakaenda chooni. Maganda yaliozeshwa kwenye pipa yawe mbolea. Mkewe, fundi cherehani, alishona mazulia kwa vipande vya nguo. Lakini aliyetii kuliko wote ni shangazi, aliyemlea msoma mita tangu ananyonya. Kutoka ndoo ya kuogea alishuka hadi jagi, kutoka jagi hadi kitambaa chenye unyevu. Siku hizi hata kikombe chake cha maji ya kunywa aliwaachia wengine. Kuishi kwa mtoto wa kaka kulimtia haya.

Mke ndiye aliyegundua. Alipomgeuza shangazi kitandani, mwili ulikuwa mwepesi, ukatoa sauti kavu kama karatasi ya kukatia nguo. Akamnywesha maji kidogo. Vidole vya shangazi vikajaa, na nje mita ikasogea mbele.

"Yanatoka kwake," akamwambia mumewe. "Hayo maji yanayorudi bombani ni ya shangazi."

"Najua." Msoma mita alikuwa anafunga vifungo vya shati. "Kesho wanakuja wakubwa wa ofisi kuiona mita. Wakiondoka tu, anywe hata ndoo nzima."

"Hiyo kesho ataifikia?"

Msoma mita alifunga kifungo cha mwisho. Alimwogopa mkuu wake kuliko alivyompenda shangazi. Lilimuuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Mwache mwanangu," shangazi akasema kutoka chumbani. "Asije akaaibika kwa ajili yangu."

Wageni walikuja watano. Waliinamia mita kwa zamu, nayo ikarudi nyuma taratibu mbele ya macho yao. Wakapiga makofi. Shangazi akatolewa nje kwa ajili ya picha. Dereva wao alimbeba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

Mke akashindwa kuvumilia. Alitoka na kikombe kimejaa, akaelekea kwa shangazi moja kwa moja.

"Aa, asante mama, nina kiu kweli," akasema mkuu.

Msoma mita akakichukua kikombe mkononi mwa mkewe, akampa mkuu kwa mikono miwili. Mkuu akanywa mafunda mawili, yaliyobaki akayamwaga chini.

"Karibuni tena," shangazi akasema, na hakusema kingine. Jioni mke alimkunja polepole, akamlaza kabatini kati ya mashuka, akalia sana.

Wiki iliyofuata ofisi iliandikia mtaa mzima barua yenye picha ya shangazi kando ya mita, kila nyumba iige mfano huo. Watu waliisoma hadi mwisho, wakaielewa. Jirani wa mkono wa kulia akaikunja, akawageukia watu wake mezani, akauliza ni nani hapo mwenye umri mkubwa na asiyelalamika.