Ukuta wa Nane

Saa moja na nusu asubuhi, fundi mwashi ambaye wenzake walimpa jina la Timazi, kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka, alikuwa akiuangusha kwa nyundo ukuta wa wodi ya wazazi alioumaliza mwenyewe juzi. Plasta ilikuwa bado mbichi. Ramani ilikuwa imebadilika: mlango utoke kushoto uende kulia. Mwezi uliopita ulitoka kulia ukaja kushoto.

"Timazi, leo tunajenga au tunabomoa?" aliuliza mchanganya zege.

"Kwani wewe umeshaona tofauti?"

Wakacheka, kazi ikaendelea. Hadi jioni ukuta ulikuwa chini, na kifusi chake hakikujaza toroli mbili, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa umekwenda zake. Timazi aliukuta nyumbani, umesimama katikati ya chumba, wima, unanuka saruji.

"Huu wa sita," alisema mkewe, akiuzunguka na sufuria mkononi. "Angalau ungekuja na mlango wake."

Ilikuwa hivyo tangu ule wa kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kuta hizi zilijizoa zenyewe na kumfuata aliyezijenga. Majirani walishazoea, mmoja aliomba aanike nguo. Aliyepata taabu ni binti yao, mwenye mimba ya miezi minane. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipita kona sita, ubavuubavu, mkono tumboni. Mtoto wake wa kwanza alimfia njiani, kwenye safari ya hospitali ya mbali, na ndiyo sababu Timazi aliiomba kazi hii, hatua mia tatu tu kutoka nyumbani kwao.

"Huyu, mwanangu, atazaliwa kwenye wodi ya mikono yangu," alikuwa amemwambia.

Ukuta wa saba ulipokwisha kuja, alifika mtaalamu wa kupunguza upotevu. Alikaa chini ya turubai, akapima kifusi, akasema hajapata kuona mradi unaotupa kidogo namna hii. Injinia alipewa cheti, akakitundika juu ya ramani.

Timazi alinyoosha mkono. "Samahani bwana, kuta ziko kwangu. Saba. Njooni mzipime."

"Kwako ni ndani ya eneo la mradi?"

"Ni chumbani, bwana."

"Basi huo si upotevu wetu, mzee wangu." Mtaalamu alifunga kalamu yake. "Tena shukuru. Wewe umeongezewa thamani."

Uchungu ulimshika binti saa sita mchana, wodi ikiwa na kuta tatu, wa nne ukingoja mlango uamuliwe. Majirani walileta machela wampeleke ile hospitali ya mbali, nayo ikagoma kwenye kona ya pili. Wakaisimamisha, wakailaza, wapi. Timazi akachukua nyundo, akaupiga ukuta wa tatu mpaka ukalala chini. Vumbi lilipotua ulikuwa umesimama palepale. Ulikwisha fika kwa mwenyewe. Haukuwa na pengine pa kwenda.

Mkunga aliitwa, akapenya kwa ubavu. Saa tisa mtoto alizaliwa kati ya ukuta wa nne na wa tano. Hakulia. Mkunga alimgeuza, akampulizia, akampigapiga mgongoni, kisha akamfunika shuka hadi usoni.

"Kuta zenu zimenyooka kweli," alisema akinawa mikono, kama mtu ambaye lazima aseme kitu.

Walimzika siku ya pili yake. Siku ya nne Timazi alirudi kazini. Injinia alimpa pole kwa mikono miwili, kisha akakunjua ramani mpya. Mlango ulikuwa unarudi kulia, na ukuta uliojengwa Timazi akiwa msibani ulikuwa umefuata ramani ya zamani.

"Mafundi wenzangu ndio wameujenga huu," alisema Timazi.

"Wamefuata kamba uliyoivuta wewe, fundi. Ni wako."

Timazi akatemea viganja, akainua nyundo.

Jioni ukuta wa nane ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umejibana chini ya dirisha, mahali pekee palipobaki wazi, pale walipopaacha kwa ajili ya kitanda kidogo. Timazi alisimama akiutazama. Ulikuwa wima kama nyingine.

"Uache tu, baba," alisema binti kutoka upande wa pili. "Hapo hapana mtu."