Harufu ya Tangawizi

Tumbo la Esdras lilijaa tangu kuzaliwa, limewambwa kama ngoma, na choo hakikutoka mpaka kambo yake, yaani bibi yake mzaa baba, Mama Kalunga, ajifungie naye chumbani na poire, ule mpira mwekundu wa kumwingizia mtoto maji kwa nyuma. Ndani ya maji yale mlikuwa na nini? Hapo ndipo roho ya Émerence, mama wa mtoto, ilipokataa kutulia. Majirani walinong'ona kwamba tumbo kama lile halivimbi bure, kuna mkono wa mtu. Na mkono aliouona Émerence kila juma ulikuwa wa mama mkwe wake.

Kwa hiyo Lazare, mpiga radio, yaani picha za eksirei, wa hospitali, alipoeleza kwamba atamwingizia mtoto dawa nyeupe, baryte, ili matumbo yaonekane kwenye picha, Émerence aliifungua chupa akainusa kwanza. Lazare hakukasirika. Alitaka jambo moja: poire isimguse mtoto hadi picha ipigwe. Penye ugonjwa utumbo ni mwembamba, juu yake umefura. Ukisafishwa, pote panalingana na picha inadanganya.

Siku ilipofika, Lazare alibonyeza tumbo likabonyea kama bukari, ugali wa moto.

"Nani alimupiga poire?"

Émerence aliapa kwamba hakuna. Kisha akainama, akanusa kaptula ya mtoto. Tangawizi. Akamgeukia mama mkwe wake polepole.

"Mama, unaficha nini ile picha isione?"

"Nifiche nini?" Mama Kalunga alikaza kitambaa chake kichwani. "Mulete mutoto kwa docteur na buchafu ndani, baseme kwetu hakuna maji? Nilipata haya, njo nikamusafisha. Maji, chumvi, tangawizi, basi. Kama nilitaka kumuua, mama Esdras, ningemuacha tu na lile tumbo."

Lazare alikiri kwamba hilo ni kweli: maji yale ndiyo yaliyomvusha mtoto, ingawa tangawizi ilimuunguza bure. Lakini picha ya leo ingedanganya. Akawarudisha nyumbani, na Émerence akaitia poire ndani ya mkoba wake mwenyewe.

Waliporudi hospitalini, tumbo lilikuwa ngoma tena. Mlangoni Émerence alinusa kaptula.

"Nusa na mufuko yangu pia," alisema kambo.

Lazare aliwaambia wamshike mtoto, mmoja mabega, mwingine miguu. Weupe wa baryte ukapanda kwenye kioo, mwembamba kama kamba, kisha ghafla ukatanuka kama kibuyu.

"Ugonjwa njo hapa," alisema Lazare, kidole kwenye shingo ya kile kibuyu. "Hii inapasuliwaka. Mutoto atapona."

Alieleza kwamba hadi siku ya kupasuliwa waendelee na maji ya chumvi, bila tangawizi. Émerence alifungua mkoba, akaitoa ile poire, akampa mama mkwe wake.

"Lakini mulango ubakie wazi, mama."