Kifungu cha Pilau

Sylvester Lugembe, fundi wa reli ambaye suruali yake ilipigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate, hakutaka karani amwandikie mkataba wa kupangisha kibaraza chake. "Mimi nimesoma," alisema. Akauandika mwenyewe, akabandika stempu yenye kichwa cha Mfalme, na Apolinaria, fundi cherehani, akatia saini. Tangu hapo alishonea kwenye kibaraza cha nyumba ya Lugembe, mkabala na stesheni ya Tabora. Abiria wakishuka tu, wanaiona cherehani. Chakula chake na cha mama yake kilitoka hapo.

Mwaka wa tatu Lugembe akachumbia msichana wa kijiji cha Isikizya. Ng'ombe wa mahari walipopokelewa, akaja kibarazani kifua mbele.

"Hama, Apolinaria. Mkataba unasema utakaa mpaka nitakapooa. Sasa nimeoa."

"Hongera! Mke yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Kumbe siku hizi watu wanaoa kwa posta."

Wateja wakaangua kicheko. Lugembe hakucheka, alikwenda kushtaki.

Siku ya kesi Apolinaria alikaa kwenye benchi la korti ya wenyeji akiizungusha tepu ya kupimia kidoleni. Akitolewa pale, atashonea wapi? Kule uchochoroni kwa mama yake, wanakopita kuku?

"Bwana Hakimu," Lugembe alianza, "kwa mila za babu zetu, ng'ombe wakishapokelewa, mke ni wako."

"Mimi na yeye ni Wakatoliki," Apolinaria akadakia. "Padri hajatangaza ndoa yoyote. Au ng'ombe ndio waliotangaza?"

Hakimu, Mzee Yahaya, alivaa miwani. "Mngeandika 'kwa mila' au 'kwa kanisa', mimi ningekuwa nyumbani nakunywa kahawa. Sasa neno likinishinda, huyauliza maneno yaliyo jirani yake. Sylvester, tusomee kifungu cha nne."

Lugembe alisoma, sauti ikididimia. "'Siku nitakapooa, mpangaji ataketi meza ya mbele, atapewa sahani ya pilau, na baada ya siku saba atahama.'"

"Maneno ya nani hayo?"

"Yangu, Mzee. Nilitaka ajue sherehe itakuwa kubwa."

"Apolinaria, umekula pilau?"

"Mzee wangu, hata harufu sijaisikia."

Korti nzima ikacheka, karani akiwemo.

"Naweza kumnunulia sasa hivi, hoteli iko hapo nje!" Lugembe akasema.

"Keti chini. Mwenye kuandika pilau na meza ya mbele alikuwa na arusi kichwani, si ng'ombe kuingia zizini. Na karatasi umeiandika wewe. Ikiwa na giza, asijikwae aliyekuamini. Atakaa mpaka arusi."

Nje, Lugembe alirekebisha kola. "Arusi ni baada ya mavuno. Anza kufunga mizigo taratibu."

Apolinaria alihesabu kwa vidole. Miezi minne tu! Hapo msichana mrefu aliyekuwa ameketi nyuma kortini akamsogelea.

"Shikamoo, dada. Mimi Eustadia. Ndimi niliyeolewa kwa posta."

"Marahaba, mdogo wangu. Ee, nisamehe."

"Nitakusamehe kwa gauni. La arusi nataka unishonee wewe, kama ulivyomshonea shangazi yangu."

Apolinaria alimtazama Lugembe, kisha akafungua tepu polepole. "Gauni la arusi ni kazi ya mkono. Na fundi anayefunga mizigo, mdogo wangu, huwa haendi haraka. Labda mavuno ya mwaka kesho."

Lugembe alikohoa. Eustadia akamgeukia. "Sylvester, kile kibaraza sisi tulikuwa tunakitakia nini?"

"Cha... kupumzikia."

"Basi tutapumzika huku dada anashona."

Jumatatu wakaandika mkataba mpya, safari hii kwa karani. Lugembe alitaka kifungu cha nne kifutwe chote.

"Futa kuhama," Apolinaria akamwambia karani. "Pilau iache palepale."