Pumzi Iliyojirudia

Duara alikanyaga swichi kwa kidole gumba cha mguu, akapuliza noti nne za filimbi kwenye kipaza sauti, akakanyaga tena. Kisanduku kilichokuwa sakafuni kikazidaka, kikaanza kuzirudia. Juu yake akaongeza gitaa, polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, baba yake, alikuwa amelala nyuma yake, uso kaugeuzia ukutani.

Jina la Duara alipewa na majirani, kwa kuwa muziki wake unazunguka wee na hauna mahali pa kucheza. Baba, fundi viatu mstaafu, ndiye aliyelifurahia zaidi. "Mwanangu, huo wimbo ukifika, uniamshe," humtania. Lakini mchana huo, siku ya nne ya homa ya mapafu, aliomba mwenyewe: "Hebu piga hicho chako kisichofika."

Nesi aliyekuja kumdunga sindano aliacha agizo moja mlangoni. "Sikiliza pumzi yake, dada. Ikianza kukimbia au kukatika, nipigie. Usingoje."

Basi Duara alipiga, sikio moja kwenye muziki, jingine kwa baba. Hofu ilikuwa imemkaa kifuani tangu asubuhi. Pumzi ilikuwepo: nzito, yenye kamluzi kadogo mwishoni, ikija na kwenda bila haraka. Akashukuru Mungu. Akafumba macho, akaendelea.

Honi ya gari ikalia nje. Baada ya pumzi tatu ikalia tena, vilevile. Baada ya pumzi tatu nyingine, tena.

Akaacha kupiga. Ile honi haikuwa nje tena. Aliporekodi gitaa alisahau kukizima kipaza sauti cha filimbi, nacho kilikuwa kimeelekea kitandani. Kisanduku, kilichokuwa bado kinarekodi, kilikuwa kimedaka honi, na kabla yake kilikuwa kimedaka pumzi. Dakika ngapi hizi alikuwa analinda pumzi iliyokwisha kupita?

Alitaka kukisimamisha tu. Kwa pupa mguu ukaigandamiza swichi mpaka mwisho, na kila kitu kikafutika.

"Baba!"

Alimrukia, akamgeuza. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa hai, lakini kifua kilikuwa kinaruka mbiombio na midomo imekauka kabisa.

"Mbona... umezima?"

"Baba, ngoja, nampigia nesi."

"Nilikuwa naifuata," mzee akasema, neno moja moja. "Ile pumzi. Inaenda taratibu... na mimi nyuma yake. Irudishe, mama."

"Nimeifuta."

 Mzee alikuwa mtu wa kucheka hata akijichoma na sindano ya viatu, na sasa Duara aliona usoni mwake woga mtupu, kama wa mtoto.

Nesi alipokea simu mara moja. "Nakuja, nipe robo saa. Mwinue kwa mito, asilale chali. Na umtulize, akihangaika atazidi kukosa hewa."

Robo saa! Duara akamwegemeza kwenye mito yote ya nyumba. Akakivuta kipaza sauti, akakileta mdomoni mwake mwenyewe, kwa sababu pumzi nyingine ya kumpa baba haikuwepo. Kisha akaisikia yake ilivyo: inakimbia kama ya mgonjwa. Kisanduku hakichagui. Akikitilia hofu kitarudisha hofu, tena na tena, na baba ataifuata.

"Nitazame, baba."

Mzee akamtazama kifua, si uso, akangoja. Kidole gumba kikasimama juu ya swichi. Duara akavuta hewa, ikamtetemeka kooni. Akaiachia ipite bila kukanyaga. Akavuta ya pili. Hiyo nayo akaiachia, mzee bado amemkazia macho. Akavuta ya tatu, taratibu, na mguu ukashuka.