Wote Isipokuwa Kicheko

Yule fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, siku zile alikuwa hakamatiki. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifagia vipande vya vitambaa chini ya meza yake kila jioni, akivisokomeza kwenye gunia, na gunia likishiba analichoma nyuma ya jengo. Nailoni ikiungua hutoa moshi mweusi unaong'ang'ania nguo na koo, lakini yeye hakuwahi kulitia akilini. Taka ni taka. Mpaka siku moja fundi makochi wa mlango wa pili alipokuja kulalamika kwamba sponji ya kujazia mito imeadimika, ana makochi matatu yamekaa uchi, na wateja wanamfuata hadi msalani.

Sindano alilitazama gunia lake, akamtazama fundi, akalitazama tena gunia. Alikaa chini na mkasi, akavikatakata vile vipande mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge, akavijaza kwenye foronya, akaishona mdomo.

"Kaa hapo," akamwambia.

Fundi makochi akakaa. Akainuka, akakaa tena, safari hii kwa kujitupa. Mto ulimpokea, ukamrudisha juu. Aliuweka kwapani akaondoka nao, na baada ya dakika mbili akarudi kuuliza kama gunia lile limebaki na kitu.

Tangu siku hiyo Sindano hakuchoma hata uzi. Na jambo lenyewe alishindwa kulifungia kifuani. Alimpigia simu mama yake, akamsimulia mwanzo mwisho mara mbili. Alimwambia dobi, na dobi akaanza kukinga maji ya suuza na kuoshea sakafu, akitembea mtaani kama mtu aliyevumbua maji yenyewe. Alimwambia mwenye duka la madaftari, ambaye siku ya tatu alikuwa amekwisha kumpata muuza vyombo wa kuchukua maboksi yake matupu. Kila aliyemsikiliza alimzidishia hamu ya kumtafuta mwingine. Alikuwa akiamka asubuhi anajiuliza leo nani.

Mtu mmoja tu hakumwambia, naye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

Huyo ni Kicheko, msusi, ambaye saluni yake ilitazamana na chumba cha Sindano, barabara nyembamba katikati. Walikalia dawati moja shuleni, wakaazimana viatu ujanani, wakazikiana wazazi. Jina alipewa kwa sababu kicheko chake kilifika mahali kabla yake. Lakini kila saa kumi alasiri alitoka nje na debe, akamwaga humo rasta, nywele za bandia alizozifumua vichwani mwa wateja, akawasha kiberiti. Moshi wake ulikuwa mchungu kuliko ule wa nailoni. Na kwa miezi kadhaa sasa kicheko chake kilikuwa kikiishia kwenye kikohozi, akiinama na kushika ukuta, kisha akijifanya amepaliwa na mate. Sindano aliyaona hayo yote dirishani, mguu ukiwa juu ya pedeli, na mara nyingi alivuka barabara mpaka katikati akakumbuka uzi alioacha, akarudi.

Jumapili alikwenda kumsalimia mama yake. Walikuwa jikoni, mama akimenya viazi, Sindano akiendelea na habari zake za dobi na maboksi, mikono ikiruka huku na huku. Mama alimsikiliza mpaka akafika mwisho, kisha akauliza mwenzake Kicheko anasemaje juu ya hayo. Sindano akaanza kuzunguka. Kicheko ana kazi nyingi, tena siku hizi anakohoa. Kicheko hapendi kuambiwa. Wakati ule alipomtolea uvivu kuhusu yule mchumba wake wa kwanza, Kicheko alimnunia miezi minne, salamu zikapitia kwa watu.

"Na dobi akinuna, wewe unapungukiwa nini?" mama aliuliza.

"Sipungukiwi kitu."

"Ndiyo maana ulimwambia siku hiyo hiyo." Mama aliendelea kumenya. "Hao wengine unawaambia kwa furaha yako. Huyu ungemwambia kwa ajili ya kifua chake, na ndiye unayemkwepa."

Sindano alichukua kisu cha pili akamsaidia viazi, na njia nzima ya kurudi nyumbani maneno yale yalimtafuna.

Jumatatu asubuhi alijipiga moyo konde akaingia saluni. Kicheko alikuwa amemshika mteja kichwa, anamsuka, na hakugeuka. Sindano alianza kwa mbali, na hali ya hewa, na foronya, na ugumu wa kupata sponji. Kicheko alimwacha azunguke, kisha akamkata.

"Wiki tatu," alisema. "Dobi kaja hapa kujishebedua na maji yake ya suuza. Mwenye duka kaja. Nikasema mwenzangu atakuja kesho. Kesho, kesho, hukuja. Nikajua mimi umeniona si mtu wa kuambiwa."

"Niliogopa utaninunia."

"Nimeshakununia. Kwa kutoniambia."

Mteja, kichwa kikiwa kimeshikwa na hana pa kukimbilia, aliangua kicheko, na wao wakaambukizwa. Kicheko alicheka mpaka kikohozi kikamjia, akashika ukuta. Safari hii Sindano hakujifanya haoni. Alimshika mgongo mpaka kikapita, akamwambia waziwazi kwamba ule moshi wa debe unamla, na kwamba anataka wazeeke pamoja, si mmoja amsindikize mwingine hospitali. Kicheko alijifuta macho. Alisema haya, amekubali, lakini rasta hizi atazipeleka wapi?

Hapo ndipo mambo yalipowaka. Walianza na mto, kwa kuwa ndio Sindano aliokuwa akiujua, wakamwita fundi makochi aukalie. Aliruka kama aliyekalia mswaki. Wakajaribu brashi ya kusugulia sufuria, ikafumuka. Siku ya nne walikuwa wamekaa mlangoni mwa saluni, wamechoka, wanabishana, na vidole vya Kicheko, visivyojua kukaa bure, vikawa vinasokota zile rasta kuukuu mapajani mwake. Tatu kwa tatu, akiunganisha nyingine pale moja inapoishia, kisha akaikusanya ile misokoto mitatu akaisuka pamoja. Sindano aliukatiza ubishi wake, akanyoosha mkono.

"Hebu nipe huo mwisho."

Alishika mwisho mmoja, Kicheko akashika mwingine, wakavutana. Walivutana mpaka Sindano, uzito wake mnajua wenyewe, akaburutwa hadi katikati ya barabara akiwa amechuchumaa, na kamba haikukatika. Walitazamana. Moyo ulimdunda Sindano kama siku ya kwanza ya ule mto, ila sasa ulidunda zaidi, maana mbele yake kulikuwa na mtu wa kudunda naye.

Kicheko alisuka siku sita, kila mteja alipoondoka. Ijumaa fundi makochi alikuwa na kochi la kupandisha ghorofani, ngazi za jengo zilikuwa nyembamba, na kamba yake ya zamani ilikuwa imekwisha kuchanika. Walimpelekea ile nyeusi, nene kama kifundo cha mkono. Alisema yeye ana watoto, hawezi kuhatarisha maisha kwa kamba ya nywele. Kicheko akaifunga kwenye boriti ya karakana, akamwomba aning'inie. Fundi, mtu mzima mwenye tumbo lake, alining'inia na miguu ameikunja, akazunguka taratibu kama nguo kwenye kamba ya kuanikia, na alipoteremka hakuwa na ubishi tena.

Alasiri ile watu walisimama pande zote mbili za barabara. Kochi lilipanda kwa kishindo kidogo kidogo, kamba ikilia, wanaume wawili wakivuta kutoka roshani. Lilipofika katikati liliyumba likagonga ukuta. Kicheko alimshika Sindano mkono akaubana mpaka kucha zikaingia. Kisha kochi likatulia, likapanda tena, likavuka ukingo wa roshani, likatua. Mtaa ulipiga makofi. Dobi alipiga kuliko wote, kana kwamba kamba ni yake.

Kicheko hakungoja makofi yaishe. Alivua aproni, akashika njia kuelekea mwisho wa mtaa, ambako kuna msusi mwingine aliyewahi kumnyang'anya mteja, na ambaye hawajasemeshana miaka miwili.

"Unakwenda wapi?" Sindano alimuuliza, akimkimbilia na futi ya kupimia ikipepea shingoni.

"Kumwambia. Naye anazichoma rasta zake, na mimi siwezi kukaa na jambo hili peke yangu."

Yule msusi aliwaona wakiingia, akaacha ufagio. Kisha, bila kusema karibu, alisogeza kigoda kwa mguu. Kicheko akakaa, akaokota rasta tatu sakafuni, na kabla hata ya salamu vidole vikaanza kusokota. Baada ya kitambo yule msusi naye aliinama akaokota tatu zake.